Macho ya Imani, Sehemu ya Kumi na Mbili

Bomba la jikoni lilivuja siku kumi na moja. Si kwamba mwenye nyumba hakujua kulifunga. Alikuwa na spana tatu mkobani, na kazi yake yenyewe ilikuwa maji. Lilivuja kwa sababu funzo lake lilikuwa na sehemu nne, na sehemu ya nne ilikuwa bado haijatoka.

Mtaa mzima ulimwita Mtumishi. Hakuwa mchungaji wala mzee wa kanisa. Alikuwa msoma mita wa idara ya maji, mtu wa kuinama kwenye nyua za watu, kufuta vumbi kwenye kioo cha mita kwa kidole gumba na kuandika namba. Jina alipewa na kundi la simu la kanisa, watu mia nne na ushee, ambao kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi walipokea sauti yake nzito: "Bwana asifiwe, wapendwa. Funzo letu la leo linatoka..." Na lilitoka popote. Wali ukiungua, funzo. Mbwa wa mteja akimkimbiza, funzo. Siku kandambili yake ilipokatika katikati ya barabara, alisimama kwa mguu mmoja, akarekodi dakika tatu, ndipo akainama kuiokota.

Nisimsingizie: alikuwa na kipaji. Watu waliokuwa wakiuguza walimsikiliza wakapata nguvu ya kubadilisha shuka za mgonjwa. Hakuwa mwongo, hakuomba sadaka, hakujipa cheo. Kasoro yake ilikuwa moja. Kitu kikishatolewa funzo, kwake kilikuwa kimeshashughulikiwa.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu alimwita mumewe akiwa anafunga kamba za viatu.

"Baba, hebu nitungie uzi huu. Nimejaribu mpaka mate yamenikauka."

Mtumishi alitunga uzi mara moja. "Uzee huo, mama."

"Uzee gani wa jicho moja? La kulia lina nafuu. Nikilifumba nikatumia hili la kushoto, nakuona pua tu. Masikio sijui umeyaacha wapi."

Mtumishi alicheka, kisha akaacha kucheka. Alimtazama mkewe, sindano mkononi, jicho moja limefumbwa, akimtafuta usoni. Machozi yalimlengalenga, na yalikuwa ya kweli. Akamshika bega. Halafu akatoka uani na simu yake.

Kesho yake watu mia nne na ushee waliamka na funzo liitwalo "Tundu Lipo Hata Usipoliona". Ndilo lililoanzisha mfululizo wa Macho ya Imani. Mpaka saa tatu lilikuwa limejibiwa Amina mia mbili na kumi, na mama mmoja alituma picha ya sindano yake.

Mkewe alikuwa ameshauliza hospitali. Kiliniki ya macho ilikuwa Jumanne na Alhamisi. Sharti lilikuwa moja: mgonjwa aje na msindikizaji, maana anatiwa matone ya kupanua mboni, na baada ya hapo hawezi kurudi nyumbani peke yake.

"Utanipeleka Alhamisi?"

"Alhamisi, bila shaka."

Alhamisi ilifika na semina ya akina baba kwenye usharika wa jirani, walikotaka kumsikia mtu wa sindano. Jumanne iliyofuata mkubwa wake kazini alimbana. Alhamisi nyingine alikuwa anarekodi. Ikapita miezi.

Kwa nini hakwenda na mtu mwingine? Swali hilo majirani waliliuliza baadaye kwa sauti za watu ambao hawakuwahi kuombwa. Mabinti zake wawili walikuwa wameolewa mbali. Shoga yake wa karibu alikuwa ananyonyesha mapacha. Na tuseme ukweli wote: alitaka kupelekwa na mume wake. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyemfulia mtu mashati miaka yote hiyo ana haki ya kutaka hivyo.

*

Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini. Mwalimu wa kwaya, mama mwenye mwili mkubwa na sauti nyembamba, alifika karakana na mabunda mawili ya kitambaa yamebebwa na wanakwaya wawili.

"Mama fundi, kazi hii ni yako. Majoho ishirini na manne ya kwaya, bluu iliyokolea. Na manane ya wazee wa kanisa, meusi. Vipimo vyote hivi hapa."

"Mwalimu, nashukuru. Lakini macho yangu..."

"Ndiyo sababu!" Mwalimu alimshika mikono yote miwili. "Kamati ilitaka fundi mwingine, yule mwenye mashine za umeme. Nikasimama nikawaambia, baada ya Sehemu ya Saba mimi sitavaa joho lililoshonwa na mtu anayeona. Nataka la imani!"

"Mwalimu, bluu hii na nyeusi hii, mimi nikiziweka pamoja hapa ndani naona kitambaa kimoja."

"Amina," alisema mwalimu, akaangalia saa yake.

Kazi ilikuwa kubwa na fundi hakuwa na moyo wa kukataa kazi ya kanisa. Basi alitafuta njia. Kwa kuwa rangi hakuzitofautisha, alipanga kwa mahali. Kila cha bluu alikiweka kwenye kiti, kila cheusi mezani, na mama mkwe wake akapigwa marufuku kukalia kiti hicho. Mama mkwe, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alihamia kwenye ndoo iliyopinduliwa akasikiliza redio yake hapo bila kinyongo. Kwa mtindo huo fundi alikata miili ya majoho, akaishona, kisha akakata mikono akaiweka marundo mawili, kiti na meza, tayari kwa kuunganishwa.

Siku hiyo Mtumishi aliwahi kurudi. Mafunzo yake yalikuwa yanakwenda kuchapwa kijitabu, na alihitaji picha ya jalada.

"Mama, kaa hivyohivyo. Mikono kwenye kitambaa. Usitazame kamera. Tazama kama huoni."

"Si lazima niigize."

"Hapa pana vurugu. Haya marundo yanaziba mwanga." Aliyakumbatia yote mawili, akayatupa kitandani, akapiga picha kumi na nne. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuacha fujo, aliyarudisha. Rundo kubwa kwenye kiti, dogo mezani. Akayanyoosha vizuri kabisa.

*

Ilipokuwa dhahiri kwamba Jumanne nyingine itapita, Bibi alizima redio.

"Twende mimi na wewe, mkwe wangu. Wamesema msindikizaji. Mimi si mtu?"

Walikwenda wakiwa wameshikana mikono. Nani alimwongoza nani njia nzima ni jambo ambalo hata wenye magari waliopiga honi hawakuweza kulielewa. Kiliniki ilijaa. Walikaa kwenye benchi mpaka saa tano, ndipo wakaitwa kwenye chumba cha matone.

"Msindikizaji yuko wapi?" aliuliza nesi.

"Ni mimi," alisema Bibi, akanyooka. Alitazama ukutani kwa adabu. "Hujambo, daktari?"

"Bibi, hilo ni koti."

Kweli lilikuwa koti, jeupe, limetundikwa kwenye msumari. Bibi alilitazama tena. "Na mwenyewe yuko wapi?"

Foleni nzima mlangoni iliangua kicheko. Hata fundi alicheka, kwa sababu ilichekesha, mpaka nesi alipoiweka chini chupa ya matone.

"Sasa hapa nani anamsindikiza nani? Bibi ana mtoto wa jicho pande zote mbili, hilo naliona kutoka hapa. Mama, nikikutia dawa hii hutaona vizuri mpaka jioni. Mkiingia barabarani mtafika?"

"Tumefika huku," alisema Bibi.

"Mmefika kwa bahati. Mama, huna mume?"

"Ninaye."

"Anaona?"

"Anaona."

"Basi njoo naye." Nesi alipiga tochi kwenye jicho la kushoto, akaacha kutabasamu, akachukua kalamu nyekundu. Juu ya kadi aliandika ARUDI HARAKA na kupiga mstari chini yake mara mbili. Walitoka katikati ya watu ambao bado walikuwa wanafuta machozi ya kicheko, na mtu mmoja akalipungia mkono lile koti.

*

Kesho yake mteja aliyeleta suruali ya kubadilisha zipu alimpa fundi pole. "Pole kwa ya hospitali, mama. Lakini nimejifunza! Lile koti! Nimemtumia mpaka dada yangu."

Fundi aliomba kulisikia. Mteja akaweka simu mezani, na sauti ya mumewe ikajaza karakana. Macho ya Imani, Sehemu ya Kumi na Moja: "Nani Anakusindikiza?" Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Aliinyamazia mpaka jioni jua likiwa bado linawaka uani, Mtumishi alipoingia akiweka mkoba chini.

"Umewaambia watu kwamba mama yako alisalimia koti."

"Sikumtaja. Nilisema 'mama mmoja mzee sana'."

"Mzee sana nani?" Bibi aliuliza kutoka jikoni.

"Na mimi ulinitaja?"

"Nilisema 'dada mmoja mshonaji'. Mama, watu wamejengwa. Mzee mmoja amenipigia simu analia."

"Kadi imeandikwa nirudi haraka. Umeisoma?"

"Nimeisoma. Hata nimeinukuu, dakika ya pili."

Fundi aliweka mkasi chini taratibu, kwa sababu hakujiamini kuwa nao. "Basi nipeleke Alhamisi."

"Alhamisi hii? Jubilei ni Jumapili. Ngoja ipite tu, mama, Jumanne yake mapema kabisa. Na pia..." Aliuma ulimi.

"Na pia nini?"

"Kijitabu kinafungwa na Sehemu ya Kumi na Mbili. Nitaisema palepale jubilei. Watu wote wanangojea waone Mungu anatenda nini. Sasa ukienda Alhamisi, daktari akakupa vidonge au miwani..."

"Nitakuwa nimekuharibia mwisho."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema. Umetunga."

Alirudi kwenye cherehani. Alikuwa na hasira ambayo hakuizoea, ya mtu anayegundua kwamba ugonjwa wake una ratiba na yeye hakuulizwa. Kwa miezi mitano kila mtu kanisani alimuuliza "imani inaendeleaje?" na hakuna aliyemuuliza kama anaona. Alikanyaga pedali, akachukua mkono wa joho kutoka kwenye kiti, mwingine kutoka kwenye kiti, akaunganisha kwa kupapasa, mishono yake imenyooka kama kawaida. Vidole vyake havikuwa na tatizo.

*

Majoho yalichukuliwa Jumamosi yakiwa yamekunjwa. Jumapili kwaya ilivaa kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, chumba cha dirisha moja dogo lililozibwa na spika mbovu, kila mtu akimvuta mwenziwe kola na kumwambia amependeza. Kisha wakatoka kwa maandamano kwenye uwanja, juani, ambako mabenchi ya ibada yalikuwa yamepangwa.

Wa kwanza kuona walikuwa watoto. Mwanakwaya wa mbele alikuwa wa bluu mwili mzima, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi. Wa pili alikuwa sawa. Wa tatu mikono yote miwili ilikuwa myeusi, kama aliyetoka kuchimba mkaa. Walipokuja wazee wa kanisa, wanane, weusi, wazito, wanne kati yao walikuwa na mkono mmoja wa bluu, na mwenyekiti wa wazee, ambaye kila akitembea alipunga mikono, alikuwa anapunga rangi mbili.

Kicheko kilianza chini chini kikapanda. Mwalimu wa kwaya aligeuka, akaona, akageuka tena haraka akijaribu kuendelea kuimba, na sauti yake nyembamba ikapotelea juu huko.

"Wamefanya nini?" fundi alimuuliza jirani yake kwenye benchi. "Kwa nini wanacheka?"

"Mikono, mama. Umechanganya mikono. Bluu na nyeusi."

"Haiwezekani. Nilipanga kwa mahali." Alikaa na neno hilo kidogo, akirudi nyuma kwa akili siku moja moja, kiti, meza, kiti, meza, mpaka akafika kwenye ile siku ya picha.

Mbele ya kanisa mumewe alikuwa ameshafika kwenye siku hiyohiyo. Alikuwa na maikrofoni mkononi, zamu yake ikiwa imefika, na kwa nukta kadhaa alionekana kama mtu aliyemeza kitu cha moto. Angeweza kusema. Ilikuwa sentensi moja. Lakini watu mia tano walikuwa wanamtazama, mwenyekiti wa wazee alikuwa ameficha mkono mmoja mgongoni, na kipaji kikamjia kilivyozoea kuja, bila kubisha hodi.

"Wapendwa," alisema, "mnacheka. Lakini mmeuona huu mkono mweusi?"

Kanisa likatulia.

"Nani alisema mwili wa kanisa una rangi moja? Mwanakwaya amebeba mkono wa mzee! Mzee amebeba mkono wa mwanakwaya! Huu si mshono wa makosa, wapendwa. Huu ni umoja! Macho ya Imani, Sehemu ya Kumi na Mbili!"

"Amina!" kanisa likalipuka. Mwenyekiti wa wazee alitoa mkono mgongoni, akauinua juu. Mwalimu wa kwaya alianza kulia kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Watu walikuwa wameshasimama, simu juu.

Fundi naye alisimama. Alikuwa benchi la tatu na hakuwa na maikrofoni, lakini miaka mingi ya kuongea juu ya kelele ya cherehani ilikuwa imempa sauti.

"Si umoja," alisema. "Sikuona."

Walio karibu waligeuka.

"Niliwaambia kwamba siioni tofauti ya rangi. Nilipanga kwa mahali, marundo yakahamishwa kwa ajili ya picha. Sikuona, basi. Hakuna kitu kingine hapo ndani." Alishika benchi la mbele yake. "Naomba mtu wa kunipeleka hospitali Jumanne. Awe anaona. Ni hilo tu."

"Amina!" alijibu mtu wa nyuma, kwa mazoea, akavutwa shati na mkewe.

Mchungaji aliinuka mara moja, mikono imenyooshwa. "Kanisa, tumwombee mama yetu."

"Nitashukuru, mchungaji. Lakini kule hospitali wanataka mtu."

"Mimi walinikataa," Bibi alitangaza, ili isije ikadhaniwa kwamba hakujitolea.

Mara hii hakuna aliyecheka. Mwalimu wa kwaya alikuwa anachunguza pindo la joho lake. Mwenyekiti wa wazee alishusha mkono. Mtumishi alikuwa bado ameshika maikrofoni, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue hakutoka kitu. Spika zilikuwa zinatoa pumzi zake tu.

"Nitakwenda mimi," alisema mwishowe.

"Umesema hivyo tangu mwezi wa tatu," alijibu mkewe, akakaa.

*

Jumanne saa moja kasorobo walikuwa benchi la kwanza. Mtumishi alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu moja tu, mke mgonjwa, na mkubwa wake alishangaa. Miezi yote hiyo alidhani mke alishapona, maana na yeye alikuwa kwenye kundi.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani minene. Alipima, akatia matone, akapima tena kwa mashine ya kuwekea kidevu, ndipo akakaa.

"Mama, una presha ya macho. Si ile presha ya damu. Hii ni ya ndani ya jicho lenyewe. Inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Haiumi. Inaanzia pembeni inakuja katikati. Dalili zilianza lini? Nahitaji tarehe, hata za kukisia."

Fundi alikuna kichwa. "Mwezi wa tatu hivi. Siku zenyewe sikumbuki."

"Mimi ninazo," alisema Mtumishi.

Alitoa simu, akafungua mafunzo yake kwenye kundi. Alianza kusoma kwa sauti aliyoizoea, ikapungua njiani.

"Tarehe tisa mwezi wa tatu, hakuona tundu la sindano. Ishirini na mbili, alimimina chai nje ya kikombe. Tarehe nne mwezi wa nne, aligonga bega la kushoto mlangoni. Kumi na nane, alimpita jirani upande wa kushoto, hakumsalimia. Tarehe mbili mwezi wa tano... alimpita tena. Mwezi wa sita, tarehe saba, alianguka ngazi ya uani. Ishirini na tisa, aliniuliza kama taa imezimwa. Ilikuwa mchana."

Daktari aliandika yote. "Mmetunza kumbukumbu kuliko faili zangu nyingi," alisema, na hakuwa anakejeli. "Mngekuja hapa kwenye hii ya kwanza, ya sindano, lingekuwa bado lina uhai. Hata kwenye ya chai. Sasa hivi la kushoto limekwisha, mama. Kilichopotea hakirudi, sitakudanganya. La kulia limeguswa, lakini tunaweza kulilinda. Nitakufanyia upasuaji mdogo wiki ijayo, na matone kila siku bila kukosa, maisha yako yote. Siku moja ukikosa, unaniletea shida."

"Nitaweza kushona?"

"Ukitunza la kulia, utashona."

Fundi alishusha pumzi ndefu. Alikuwa ameingia humo akiogopa mabaya zaidi. Mumewe alikuwa ameinamia simu, akipandisha na kushusha ile orodha kwa kidole, Amina mia mbili na kumi, Amina mia tatu na tano, Amina mia tatu na arobaini. Alilia bila sauti. Daktari, ambaye aliona wanaume wakilia chumbani humo kila wiki, alimsogezea karatasi laini na kuendelea kuandika dawa.

*

Walikaa nje ya dirisha la dawa wakingoja kuitwa. Mboni za fundi zilikuwa zimepanuka, mwanga unamuumiza, akajifunika kanga usoni. Simu ya Mtumishi ilikuwa inatetemeka tangu asubuhi. Kundi lilikuwa linauliza: Mtumishi, tunangoja funzo. Mtumishi, kwema?

Aliandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Hakurekodi sauti. Mwishowe alituma hivi:

"Mke wangu amepoteza jicho la kushoto. Niliona dalili zote na niliwasimulia ninyi badala ya kumpeleka hospitali. Mikono ya majoho niliichanganya mimi. Nisameheni."

Majibu yaliingia mfululizo. Amina. Amina mtumishi. Funzo zito sana hili. Nimebarikiwa, nalituma kwa shemeji. Mungu akuinue zaidi. Kisha katibu wa kundi, mtu makini aliyekuwa anaandaa kijitabu, akauliza kwa niaba ya wote: "Mtumishi, tunaomba ufafanuzi kidogo kabla ya kwenda kuchapa. Jicho la kushoto kiroho linawakilisha nini?"

Mtumishi alilitazama swali hilo. Zamani lingemchukua nusu dakika.

"Ni jicho," aliandika.

"Wanasemaje?" fundi aliuliza chini ya kanga.

"Wamebarikiwa."

Fundi alianza kucheka, mabega yanamtikisika, mpaka mtu wa dirishani alipopaza sauti akiuliza msindikizaji wa mama wa presha ya macho. Mtumishi alizima simu, akainuka, akapokea matone, akarudia maelekezo mara tatu mpaka mtu wa dawa akachoka naye. Kisha akampa mkewe mkono, wakatoka polepole mpaka mlango mkubwa, kwenye jua ambalo fundi hakuweza kulitazama.

"Simama. Hapa pana ngazi."

"Ngapi?"

"Tano."

Fundi alitanguliza mguu, akapapasa ukingo kwa ncha ya kiatu. "Zina funzo gani?"

"Zina utelezi," alisema mumewe. "Nishike."